Mguu Wangu na Daktari wa Ng'ombe

Naandika kwa ajili ya yule aliyekaa sasa hivi kwenye chumba cha kungojea, mguu umemjaa kama umetiwa maji, na mkononi ana karatasi inayomwambia akanunue viatu. Usinunue viatu. Au nunua ukitaka, lakini kabla hujatoka mlangoni rudi ndani, pandisha nguo, weka mkono mahali panapouma. Mimi sikufanya hivyo kwa wiki sita na nusura nife. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika, na sijui nimkasirikie nani kwanza.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Tulikaa DeSoto, kusini mwa Dallas, mimi, mume wangu na binti yetu Fatma aliyekuwa na miaka kumi na minne. Mume wangu namwita Baba Fatma, na hapa nitamwita hivyo hivyo. Aliendesha gari la kupeleka abiria uwanja wa ndege. Mimi nilishona mapazia ya hoteli kwenye kiwanda kimoja Garland, na mtu wa Dallas akisikia DeSoto na Garland anajua ni safari gani hiyo. Saa nzima garini kwenda, nimekaa. Saa nane kwenye cherehani, nimekaa. Saa nzima kurudi, nimekaa. Na mwezi wa kumi na moja nilikuwa nimetoka Mombasa kumwona mama, ndege mbili, siku nzima na zaidi nimekunja miguu kwenye kiti cha dirishani kwa sababu niliona haya kuwaamsha watu wawili nipite kwenda msalani.

Wiki mbili baada ya kurudi, mguu wa kulia ukaanza. Haukuanza kwa kishindo. Ulianza kwa kubana, nyuma, chini ya goti, kama ule mkazo unaomshika mtu usingizini, ila huu haukuachia. Kisha ukawa mzito. Soksi ikawa inaacha alama nyekundu. Ngozi ikavuta, ikawa na joto lake peke yake, joto ambalo mguu wa kushoto haukuwa nalo. Nikienda kulala niliuweka juu ya mto, na asubuhi ulikuwa umepungua kidogo, basi nikajidanganya kuwa unapona.

Nikaenda kwa daktari. Nesi wa mapokezi aliniuliza kama nataka mkalimani. Swali hilo liliniudhi hata kabla hajalimaliza. Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, na Kiingereza ndilo somo nililokuwa nikiwachekea wenzangu. Fatma naye alitaka kuja. "Mom, let me come, nita-translate," aliniambia, nami nikamwambia hakuna mtoto wangu atakayekaa kusikiliza habari za mwili wangu. Nikaingia peke yangu, kichwa juu.

Daktari alikuwa kijana mpole mwenye mikono safi sana. Akaniuliza nina tatizo gani. Nikamwambia, kwa Kiingereza changu nilichojivunia, kwamba foot yangu ya kulia inaniuma. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia nashona, cherehani ya kukanyaga, na mguu wa kukanyagia ni huo huo wa kulia. Uso wake ukang'aa kama mtu aliyeokota funguo zake. Akaniomba nivue kiatu na soksi. Nikavua kiatu na soksi, basi, maana ndivyo alivyosema, na sketi yangu ikabaki palepale ilipo siku zote, kwenye kifundo. Akabonyeza unyayo, akabonyeza kisigino, akauliza kama panauma. Mguu mzima ulikuwa unauma, kwa hiyo nikasema ndiyo.

Nikatoka na karatasi. Viatu vyeupe vyenye soli nene. Soli nyingine za kutia ndani ya zile soli. Barafu. Na zoezi: kila asubuhi na jioni niweke kopo la supu sakafuni, nilibingirishe kwa unyayo, mara thelathini. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano, mama wa watu, nimesimama jikoni kwangu nabingirisha kopo la maharage.

Mguu ukazidi. Nikarudi. Safari hii nilikaa kwenye chumba cha kungojea asubuhi nzima, mbele ya sanduku la kioo la samaki ambalo samaki wake mmoja alikuwa amekufa na hakuna aliyemtoa. Daktari akapiga picha ya unyayo. Picha ilikuwa nzuri kabisa, nikaonyeshwa mifupa yangu, nikaambiwa ni mifupa imara. Akaniuliza kama navaa vile viatu. Akaniuliza kama natumia kopo. Nilijibu maswali yote. Akasema basi nisikae sana, nitembee, kutembea kutasaidia.

Nyumbani nako kulikuwa na madaktari. Wifi yangu Zuhura, dada yake Baba Fatma, alipopata habari kwa simu aliendesha gari kutoka Houston Jumamosi moja, na chupa mbili za mafuta ya ufuta. "Huo ni upepo umeingia, wifi," alisema. "Hii baridi ya huku. Lala kifudifudi." Akaukanda mguu wangu kwa vidole vyake vya chuma, kuanzia kifundo kupanda juu, mpaka nikauma mto. Zuhura ananipenda kweli, na ningekuwa nafundisha watu jambo moja tu ningewaambia mguu uliovimba hivyo usikandwe, lakini wakati ule nani alijua? Nilimshukuru. Nikampikia pilau.

Baba Fatma yeye hakuwa na dawa, alikuwa na maneno. "Mguu tu huo, Mama Fatma. Sisi wote tunaumwa miguu. Nchi hii inauma miguu." Kisha anachukua funguo zake anaondoka.

Basi mimi, mtu wa kutii, nikatafuta pa kutembea. Palepale kwa daktari kulikuwa na karatasi ukutani ya kikundi cha watu wa Cedar Hill wanaotembea kila Jumamosi. Nilikwenda nao mara mbili, mizunguko mifupi kuzunguka bustani. Walikuwa watu wa miaka sitini na sabini, wema kupita kiasi, na wema wao ulinichosha kuliko matembezi. Ukipanda kijilima, wanakusifu. Ukiruka dimbwi, wanakusifu. Mimi sikuwahi kusifiwa kwa kutembea tangu nilipokuwa na mwaka mmoja.

Mwezi wa kwanza wakatangaza safari ya siku nzima, maili sita kwenye vilima vya Cedar Hill, na chakula cha mchana huko huko. Baba Fatma alisimama mlangoni akinitazama nikifunga kamba za vile viatu vyeupe.

"Mnakwenda wapi?" akauliza.

"Tunatembea."

"Najua mnatembea. Mnatembea mnakwenda wapi?"

"Hatuendi popote. Tunazunguka, tunarudi palepale."

Alitikisa kichwa. "Watu wameacha magari yao wakatembee maporini waje kuyachukua tena. Na mguu unakuuma."

"Daktari amesema nitembee."

"Basi tembea," akasema, na tukaachana hivyo, kila mmoja amemkasirikia mwenzake.

Asubuhi ile upepo wa kaskazini ulikuwa umeshuka, ule wa Texas unaokuja bila kubisha hodi. Jana watu wako na mikono mifupi, leo maji ya ndoo yameganda. Tulikuwa kumi na wanne. Kiongozi wetu alikuwa Bwana Earl, tarishi mstaafu aliyebeba barua miaka thelathini na bado alitembea kama aliyechelewa nyumba tatu. Alituhesabu kwenye kila geti kama watoto wa chuo cha Kurani. Njia ilikuwa ya udongo mweupe wa chokaa unaonata viatuni, katikati ya mierezi midogo na mipungate ya miiba iliyolala kwa baridi. Nilivaa sketi yangu ndefu, suruali nene ndani, leso kichwani, koti la Baba Fatma juu. Kila baada ya hatua mia mtu alinigeukia kuniuliza kama niko sawa. Nami nikajibu niko sawa. Ndivyo nilivyolelewa: ukiulizwa hali, hali ni njema, hata kama umebebwa kwenye machela.

Sikuwa sawa. Kwenye mwinuko wa pili pumzi ilinikatika. Nilisimama nikajifanya naangalia mandhari. Kifua kilikuwa kinachoma upande mmoja nikivuta hewa, na nikasema moyoni ni baridi, na ni uzee, na ni koti zito. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Saa sita na nusu tukakaa kwenye mawe kula. Watu hao, nikiri, walikuwa wamenifikiria. Mkate wangu ulikuwa umefungwa mbali na mingine, na Bwana Earl alikuja kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kisu kilichokata nguruwe hakikuugusa. Mimi nilitoa mahamri na chupa ya chai ya tangawizi, na ndani ya dakika tatu chupa ilikuwa tupu. Kisha nikaenda pembeni, nikatawadha kwa maji ya chupa yanayokata vidole, nikatandika leso kwenye majani makavu, nikasali adhuhuri. Nyuma yangu mazungumzo yakakoma. Baadaye nikaambiwa Bwana Earl alivua kofia katika ule upepo, masikini, na hana nywele.

Rakaa mbili za kwanza nilizipata. Katika ya tatu, kuinuka kutoka kwenye sijida, mguu ukakataa. Nilijaribu mara mbili, nikaweka mikono chini, nikashindwa. Nikamalizia nimekaa, na hata kukaa kwenyewe nilikaa upande, mguu nimeunyoosha nje kama wa mwanasesere. Machozi yalinitoka. Hayakuwa ya maumivu. Yalikuwa ya ghadhabu. Nimefuata kila kitu nilichoambiwa, nimevaa viatu, nimebingirisha makopo, nimetembea, na sasa hata kusujudu siwezi.

Nilipotoa salamu, mwanamke mmoja wa kikundi alikuwa amechuchumaa hatua chache kutoka kwangu, akingoja nimalize. Jina lake Lorene, mrefu, mkavu, mikono mikubwa. Nilichojua habari zake ni kwamba alikuwa daktari wa ng'ombe na farasi hadi alipostaafu.

"Earl anasema una matatizo ya foot," akaniambia.

"Ndiyo."

"Nimekuangalia tangu asubuhi. Mnyama mwenye kwato mbovu huogopa kukanyaga. Wewe unakanyaga vizuri tu. Unachoogopa ni kuunyoosha na kuukunja." Akanisogelea. "Weka kidole hapo panapouma."

Nikaweka kiganja kizima nyuma ya mguu, chini ya goti.

Akanitazama. "Mpenzi, hiyo si foot. Hiyo ni leg."

"Ni mguu," nikamjibu kwa Kiswahili, kwa ukali, kama kwamba yeye ndiye amekosea.

Na hapo hapo, nimekaa chini kwenye leso yangu, nikaelewa. Mguu ni mguu. Kwetu unaanzia nyongani unaishia kwenye kucha, na mtu akisema mguu unaniuma, unauma wote au popote, utauliza mwenyewe. Hawa wenzetu wameukata vipande viwili, cha chini ya kifundo kina jina lake na cha juu kina jina lake, na mimi na kidato changu cha nne nilikuwa nimeokota kipande kimoja, kile nilichofundishwa kwanza darasani, nikakipeleka hospitali mara mbili. Si kwamba sisi hatuna maneno. Tunayo: unyayo, kisigino, muundi, shavu la mguu, paja. Lakini nani ameamka asubuhi akamwambia mumewe shavu langu la mguu laniuma?

Lorene akaniuliza kama anaweza kuangalia. Nikasema hapana, kuna wanaume. Hakubishana. Akaita wanawake watatu, wakanipeleka nyuma ya mwerezi, wakashika makoti yao wazi kuwa ukuta, migongo wametupa sisi, nyuso wameupa upepo. Nikapandisha sketi, nikakunja suruali mpaka gotini. Yeye akafungua kamba ya kiatu chake. Akaizungusha kwenye shavu la mguu wa kushoto, akatia fundo la alama palipokutana. Kisha akaizungusha kwenye wa kulia. Fundo halikufika. Palibaki pengo la vidole vitatu.

"Daktari wako hakuona hivi?"

"Aliona unyayo."

"Unapumua vizuri?"

Nilitaka kusema niko sawa. Neno lilikuwa mdomoni tayari. Nikasema, "Hapana. Kifua kinachoma."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika kwa haraka vile. Akashusha sketi yangu mwenyewe, akanilaza kwenye leso, akaniambia nisiende hata hatua moja zaidi, wala nisiuguse mguu. Bwana Earl alikuwa na simu ya mkononi lakini huko bondeni haikushika, basi yule tarishi akapanda kilima mbio, miaka yake sitini na nane, kutafuta mawimbi. Wengine wakanizunguka. Walikaa duara, bega kwa bega, wakinikinga upepo kwa miili yao, dakika arobaini, mpaka gari la walinzi wa mbuga lilipofika kwa njia ya nyuma. Safari hii hakuna aliyenisifu kwa lolote. Lorene alinishika mkono na kunihesabia pumzi, na nikawaza kwamba daktari wa binadamu amenipiga picha, amenipa karatasi, na wa kwanza kuushika mguu wangu pale panapouma ni daktari wa ng'ombe.

Hospitali walinipaka mafuta ya baridi mguuni, wakapitisha kitu kama pasi ndogo, na mwanamke aliyeishika akaacha ghafla kunizungumzisha. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mshipa kuanzia chini ya goti mpaka katikati ya paja. Kipande kimeshakatika kimepanda pafuni. Daktari wa hapo, mama wa makamo, aliniambia bila kuzungukazunguka: kipande kingine, kikubwa zaidi kidogo, na tusingekuwa tunazungumza. Nilipomweleza habari za wifi na mafuta ya ufuta alifumba macho.

Baba Fatma alifika na nguo zake za kazi, Fatma nyuma yake analia. Hofu ya mume wangu ilitoka kama hasira, ndivyo alivyo.

"Mbona hukuniambia?" akasema. Watu wa vitanda vya jirani waligeuka. "Unaumwa hivi, damu imeganda, mbona hukuniambia mimi?"

"Nilikuambia mguu unaniuma!"

"Ulisema mguu. Nikasikia mguu!"

"Basi ulitaka nisemeje?"

Fatma akaacha kulia. Daktari kijana mwenye mikono safi alikuwa na udhuru wake, Kiingereza changu kilimpoteza. Baba Fatma hakuwa nao. Mimi na yeye tulikuwa na neno moja, lile lile, la mama zetu, nami nilimwambia neno hilo kila jioni kwa wiki sita, nikiuweka mguu juu ya mto kando yake. Hakuuliza ni wapi. Na haki isemwe, mimi pia sikumwonyesha. Nilingoja aulize, na alipokosa kuuliza nikanuna. Akavuta kiti, akakaa, akauinamia ule mguu juu ya kitanda mpaka nesi alipokuja kuwatoa.

Sasa nikuambie yanayofuata, maana mimi hakuna aliyeniambia. Kwanza sindano za tumboni, mara mbili kwa siku. Mimi sikuweza kujichoma. Fatma akajifunza kwa dakika tano, akawa ananichoma asubuhi kabla ya basi la shule, simu imebanwa begani, anaongea na rafiki yake. "Don't move, Mom. Usi-move!" Tumbo likawa na madoa ya zambarau kama limepigwa. Kisha vidonge vya kulainisha damu, na kila Jumanne kwenda kutolewa damu ipimwe. Chumba cha kungojea cha Jumanne nilikijua kuliko sebule yangu. Runinga yake ilionyesha mapishi tu, na nusu ya watu humo wameambiwa waje hawajala. Mwanahawa, jina langu, lilimshinda yule wa kuita. Wiki ya kwanza niliitwa Mwana, ya pili Hawaii, ya tatu nikaanza kuinuka kila walipoita mtu kwa kusitasita.

Mchicha ukawa mtihani. Wanakuambia mboga za majani zinagombana na kidonge, usizile kwa fujo, kula kiasi kile kile kila wiki. Mweleze hayo Zuhura. Alikuja na mchicha wa kujaza beseni, amejuta juu ya ule mkando mpaka amekonda, anataka kunilisha mboga kwa majuto. Nilikula vijiko vyangu vitatu vya wiki nzima, kama kidonge, yeye ananitazama kwa huzuni. Na akina mama wenzangu, hili halipo kwenye karatasi zao: hedhi itakuja kama bomba limepasuka. Nilidhani nakufa upya. Piga simu, uulize, usione haya. Nywele nazo zilinitoka kwenye chanuo. Nilijigonga kwenye kona ya meza mwezi wa tatu, maua ya mwituni yameanza kutoa rangi kando ya barabara, na lile doa lilikuwa bado lipo maua yalipokwisha kukauka.

Lakini adui mkubwa alikuwa soksi. Walinipa soksi ya kubana, ndefu mpaka gotini, ya kuvaliwa asubuhi kabla mguu haujashuka chini. Kuivaa ni mieleka. Siku ya kwanza nilijaribu peke yangu nikaishia kulia, mguu nusu ndani nusu nje. Baba Fatma alikuwa akinyoa ndevu zake, akatazama kwenye kioo, akaona. Akaja, uso bado una sabuni, akapiga goti. Akaivuta taratibu kutoka vidoleni, akapitisha kisigino, akapandisha, akilalamika njia nzima, soksi gani hii, imeshonwa na adui, mgongo wangu huu. Kesho yake akaja tena. Hatukuzungumza habari za siku ile ya hospitali, wala mimi sikuomba radhi wala yeye. Alivuta soksi. Majira ya baridi yakaisha hivyo, ikaja mvua ya mawe ya mwezi wa nne, likaja joto lile la Dallas ambalo ndani yake soksi ya kubana ni adhabu, na kila asubuhi mwanamume yule alipiga goti akanung'unika.

Wale wa kutembea walinipigia simu kila Jumamosi. Lorene alikuja nyumbani mara moja, akanywa chai, akaniangalia nikivuka sebule kutoka pembe hadi pembe, akaridhika. Kwa yule daktari wa kwanza nilirudi pia, mwezi wa sita, kwa makusudi. Nilitaka kumgombeza. Nilipofika nikapandisha sketi nikamwonyesha mguu, nikamwambia kwetu huu wote jina lake ni moja. Yeye akatoa kalamu akaniomba nimwandikie neno hilo.

Mwezi wa nane walinipitishia tena ile pasi. Mshipa ulikuwa umefunguka. Daktari mama wa makamo akaniambia niache vidonge, na soksi nayo naweza kuiacha. Nilitoka pale kwa miguu yangu miwili, nikakaa garini bila kuwasha, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

Asubuhi yake nilikaa ukingoni mwa kitanda, nimezoea tu. Baba Fatma akaingia, ameshavaa sare, akapiga goti kama kawaida yake.

"Soksi imekwisha," nikamwambia. "Sikukuambia jana?"

"Uliniambia."

Hakuinuka. Akapandisha sketi yangu mpaka gotini, akaweka kiganja nyuma ya mguu wa kulia, akabonyeza.

"Hapa?"

"Hapana."

Akashuka kidogo. "Hapa je?"

"Hapana."

Akaenda hivyo mpaka kifundoni, mpaka unyayoni, mpaka kwenye vidole, kidole baada ya kidole. Kisha akahamia mguu wa kushoto, ambao haujapata kuniuma maisha yangu yote.

"Huo mzima," nikasema. "Utawachelewesha abiria wako."

"Wangoje," akasema. "Hapa?"